Hazina ya Hamira Isiyopika Bia: Tathmini ya Saccharomyces Genome Database

Saccharomyces Genome Database, ambayo watumiaji wake huiita SGD tu, ni huduma ya bure ya mtandaoni inayotunzwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa fedha za taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia utafiti wa jenomu (yaani DNA yote) ya binadamu. Kazi yake ni kukusanya mahali pamoja yale yanayojulikana kuhusu jeni za Saccharomyces cerevisiae, yaani hamira ileile inayoumua mkate, inayopika bia na mvinyo, na inayogeuza molasi kuwa spiriti. Tathmini hii inaitazama huduma hiyo kwa jicho la mtu wa kiwandani: msimamizi wa maabara ya kiwanda cha bia, mtengenezaji wa hamira ya mikate, au mhitimu wa sayansi ya chakula aliyeagizwa na mwajiri wake atafute sababu ya tangi moja kuchelewa kumaliza sukari wakati matangi mengine yamekwisha kutulia. Kwa mwanabiolojia wa chuo kikuu, SGD haina mshindani, na jambo hilo halihitaji kurudiwa hapa. Kwa mtu wa tangi hukumu inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu huduma hii iliyo bora kabisa inahusu nasaba moja ya hamira hiyo, ambayo yeye hataitumia kazini hata siku moja.

Hamira hiyo inaitwa S288C. Mwaka 1996 muungano wa maabara za Ulaya, Amerika Kaskazini na Japani, uliokuwa na wanasayansi wapatao 600 na ambao Mbelgiji André Goffeau alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulitangaza kwamba umemaliza kusoma mfuatano wote wa DNA yake: kromosomu 16, jozi za besi (herufi za DNA) takriban milioni 12, na jeni zinazokaribia 6,000. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiumbe chenye seli zenye kiini kusomwa jenomu yake yote. Nasaba yenyewe iliundwa na Robert Mortimer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa kuzalishanisha hamira mbalimbali, na sehemu kubwa ya urithi wake inatokana na hamira iliyookotwa na Emil Mrak kwenye tini lililooza huko Merced, California, mwaka 1938. Mortimer alichokitaka ni hamira nyepesi kufanyiwa kazi maabarani: seli zake zisishikamane, kila moja ikae peke yake ili iweze kuhesabiwa na kutenganishwa, na mahitaji yake ya chakula yawe machache. Alikipata. Lakini mahitaji ya mpika bia hayakuwa sehemu ya hesabu yake.

Tuanze na yanayostahili sifa, maana ni mengi. Kila jeni ina ukurasa wake, na kila ukurasa unafunguka kwa muhtasari mfupi ulioandikwa na wahariri wenye utaalamu, watu wanaosoma makala za kisayansi moja baada ya nyingine na kuamua kipi kimethibitishwa. Hapa ndipo SGD inapoyazidi mahazina makubwa ya mfuatano, ambako maelezo mengi ya jeni hutolewa na programu kwa kulinganisha tu. Ukitafuta ADH1 utaonyeshwa kwamba ndiyo inayotengeneza kimeng'enya kinachokamilisha hatua ya mwisho ya kupata ethanoli kutoka asetaldehidi. Utaona jina lake la kimfumo, YOL086C, ambalo kwa aliyezoea ni anwani kamili: Y ni ya hamira, O ni kromosomu ya 15, L ni mkono wa kushoto, 086 ni nafasi yake ukihesabu kutoka sentromia, yaani kiungo cha mikono miwili ya kromosomu, na C inaonyesha uzi wa DNA unaosomwa. Chini yake kuna taarifa za kinachotokea jeni ikiondolewa, ikiongezwa au ikiharibiwa, protini inazoshirikiana nazo, na orodha ya makala zote ambamo habari hizo zilitoka. Kwa kuwa watafiti walikwisha kuondoa karibu kila jeni ya hamira hii, moja moja, na kupima matokeo, mtu anayetaka kujua ni jeni zipi zinazohusika na kustahimili pombe nyingi, joto au asidi ya siki anaweza kuanza na orodha iliyo tayari badala ya kubahatisha.

Kwa mfano wa kazi halisi, chukua harufu ya ndizi mbivu ambayo baadhi ya bia huwa nayo na ambayo katika bia nyingine huhesabiwa kuwa kasoro. Kemikali inayohusika ni isoamili asetati. Ukiliandika jina la jeni ATF1 katika SGD, utapata kwamba ndiyo inayotengeneza kimeng'enya kinachounganisha pombe na asetati, na utaona pia tafiti zinazoonyesha kwamba oksijeni na mafuta yasiyoshiba huizima. Habari hiyo peke yake inamweleza mpika bia kwa nini kuingiza hewa nyingi mno kwenye maji ya kimea mwanzoni kunaweza kuipunguza harufu hiyo. Hakuna haja ya kusoma DNA ya hamira yake wala kununua kifaa chochote. Naona matumizi ya namna hii, ya kuunganisha tabia ya tangi na jeni inayojulikana, ndiyo faida kubwa ya SGD kwa viwanda vya kwetu ambavyo havina idara ya utafiti.

Sasa tugeukie kasoro, ambayo SGD yenyewe haiifichi. Katika ukurasa unaoeleza nasaba mbalimbali, urithi wa S288C umeandikwa kwa mstari mmoja: MATα SUC2 gal2 mal2 mel flo1 flo8-1 hap1 ho bio1 bio6. Ni mstari ambao kila mtu wa viwanda angepaswa kuusoma kabla ya kitu kingine chochote, na ambao kwa bahati mbaya haupo kwenye ukurasa wa mbele. Kwa utaratibu wa wanajenetiki wa hamira, herufi kubwa huashiria jeni inayofanya kazi na herufi ndogo huashiria iliyoharibika au isiyofanya kazi. SUC2 ni nzima, kwa hiyo hamira hii huivunja sukari ya kawaida ya miwa bila shida. Baada ya hapo mambo yanaharibika. Kwa sababu ya gal2, galaktosi haiingii vizuri ndani ya seli. Kwa sababu ya mal2, haiwezi kutumia maltosi. Kwa sababu ya flo1 na flo8-1, seli zake hazishikamani. Jeni ya HAP1, inayosaidia kuratibu matumizi ya oksijeni na utengenezaji wa steroli za utando wa seli, imeingiliwa na kipande cha DNA kinachohamahama na kupoteza sehemu ya nguvu zake.

Uzito wa mstari huo unaonekana ukikumbuka kilichomo ndani ya tangi. Kimea cha shayiri kinapolowekwa katika maji ya moto, wanga wake huvunjwa kuwa sukari, na katika sukari hizo maltosi ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, ikifuatwa na maltotriosi. Hamira isiyotumia maltosi itamaliza glukosi kidogo iliyopo kisha itasimama. Donge la unga wa mkate usiotiwa sukari nalo hutegemea maltosi inayotoka kwenye wanga wa ngano. Tena, mpika bia anataka hamira yake ishikamane na kuzama uchachushaji unapokwisha, ili aikusanye chini ya tangi na kuitumia tena katika mpiko unaofuata. Mortimer alitaka kinyume chake. Kila sifa iliyoifanya S288C ipendwe na maabara ni upungufu kiwandani, na jenomu ya rejea ambayo ulimwengu mzima unailinganishia ni ya hamira hii.

Athari ya jambo hili katika kazi ya jenomiki ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtaalamu wa kiwanda akituma hamira yake ikasomwe DNA, hatua ya kawaida ya uchambuzi ni kuvipanga vipande vilivyosomwa juu ya jenomu ya rejea na kuorodhesha tofauti. Utaratibu huo hufanya kazi vizuri sana pale ambapo jeni ni nzima katika S288C na imeharibika katika hamira yako. Haufanyi kazi pale ambapo jeni haimo kabisa katika S288C, na hutoa picha ya kupotosha pale ambapo imo lakini kwa idadi tofauti ya nakala. Ningependa SGD iweke onyo hilo waziwazi mahali ambapo watu hupakulia mfuatano wa rejea.

Mfano mzuri wa hali ya kwanza ni jeni mbili, PAD1 na FDC1, zilizo jirani kwenye kromosomu ya 4. Kwa pamoja huiwezesha hamira kuigeuza asidi ya feruli, inayotoka kwenye maganda ya nafaka, kuwa kemikali yenye harufu ya karafuu. Katika bia za ngano za Kijerumani harufu hiyo inatafutwa. Katika bia nyingine nyingi ni doa. Mwaka 2016 kundi la Kevin Verstrepen huko Leuven, Ubelgiji, pamoja na washirika wake, lilitangaza matokeo ya kusoma jenomu za hamira 157 za viwandani, na miongoni mwa waliyoyaona ni kwamba hamira nyingi za bia zimepoteza jeni hizi kwa mabadiliko yanayozikata katikati, huku zile za bia ya ngano zikizihifadhi. Bila ya kujua, wapika bia wa karne zilizopita walikuwa wakichagua hamira zisizo na karafuu. Hapa rejea ya SGD ni kipimo sahihi: nakala nzima iko pale, unaiweka kando ya ya kwako, na badiliko linaonekana mara moja. Watafiti hao walitumia ujuzi huohuo kuchagua, kwa alama za DNA, watoto wa mseto waliokosa harufu hiyo, bila kubandika jeni ya kigeni.

Hali ya pili inawakilishwa na STA1, na ndiyo inayoogopwa zaidi na wenye viwanda. Hamira zenye jeni hii, zinazojulikana kama diastaticus, hutoa nje ya seli kimeng'enya kinachovunja deksitrini, yaani sukari ndefu ambazo hamira ya kawaida huziacha na ambazo huipa bia unene wake mdomoni. Chache tu zikiponyoka na kuingia kwenye chupa zilizokwisha kufungwa, uchachushaji unaendelea humo polepole kwa wiki au miezi, gesi inaongezeka, na matokeo yake ni bia inayofoka ikifunguliwa au chupa inayopasuka. S288C haina STA1. Ina jeni mbili ambazo STA1 ilitokana na kuungana kwao: FLO11, inayohusika na seli kushikamana, na SGA1, inayotengeneza kimeng'enya cha namna hiyo ndani ya seli wakati hamira inapounda spora. Kwa hiyo vipande vya STA1 vinapopangwa juu ya rejea vitagawanyika, vingine vikaangukia FLO11 na vingine SGA1, na mchambuzi asiyeitafuta kwa makusudi hataona kitu cha kumtisha. Ukurasa wa SGA1 na ule wa FLO11 ni mizuri sana kila mmoja kwa nafasi yake, lakini hatari yenyewe iko kwenye kiungo cha hizo mbili, na kiungo hicho hakimo kwenye rejea.

Isitoshe, kuijua STA1 kuwa ipo hakutoshi. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya VTT ya Finland walionyesha kwamba baadhi ya hamira zenye STA1 zimepoteza kipande cha jozi za besi 1,162 katika eneo la mbele ya jeni hiyo linaloidhibiti, na kwamba hizo haziwezi kutumia deksitrini kwa kiwango cha kutisha. Kipimo cha PCR (cha kunakilisha kipande cha DNA ili kionekane) cha kuwapo kwa jeni kinaweza basi kukufanya umwage hamira isiyo na madhara makubwa, ilhali kipimo kinachochunguza pia eneo la udhibiti hukupa jibu la kufanyia uamuzi. Habari za namna hii utazifikia kwa kusoma makala zenyewe, si kwa kuitazama rejea.

Hali ya tatu, ya idadi ya nakala, inavihusu zaidi viwanda vinavyotumia molasi, kama kile cha Muhoroni nchini Kenya kinachotengeneza spiriti na hamira kutokana na mabaki ya sukari ya miwa. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil na Marekani walichunguza nasaba tano zinazotawala uzalishaji wa ethanoli ya magari nchini Brazil, ikiwemo PE-2, wakakuta kwamba zina nakala za ziada za jeni za SNO na SNZ, zinazohusika na kutengeneza vitamini B6 na B1. Walipojaribu waliona kwamba nakala hizo huisaidia hamira kukua katika mchanganyiko wenye sukari nyingi pale vitamini B6 inapokosekana. Jeni hizi ziko karibu na ncha za kromosomu, eneo ambalo hubadilika haraka na ambalo ni gumu kulisoma. SGD itakueleza kwa usahihi SNZ2 na SNZ3 hufanya nini. Hamira yako inazo ngapi, hilo utalijua kwa kupima kina cha usomaji wa DNA ya hamira yako mwenyewe, yaani kila sehemu imesomwa mara ngapi, na ikiwa hamira hiyo ina seti tatu au nne za kromosomu, kama zilivyo nyingi za bia na mikate, hesabu inahitaji uangalifu zaidi.

SGD imejitahidi kuziba pengo hili kwa chombo kinachoitwa Variant Viewer, ambacho hulinganisha jeni za S288C na za nasaba nyingine kadhaa. Kinapendeza kwa macho na ni chepesi kutumia. Lakini nasaba hizo karibu zote ni za maabara: W303, SK1, Sigma1278b, CEN.PK na nyingine za namna hiyo. RM11-1a, iliyotokana na hamira ya shamba la mizabibu la California, ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi za uchachushaji, na CEN.PK hupendwa na wahandisi wa kampuni za kemikali. Hamira ya bia, ya mkate au ya ethanoli ya Brazil haimo. Kwa maoni yangu hili ni kosa la kipaumbele, kwa kuwa data zipo. Mwaka 2018 kundi la Joseph Schacherer wa Strasbourg na Gianni Liti wa Nice lilichapisha jenomu 1,011 za hamira kutoka kila upande wa dunia, zikiwemo makundi mawili yanayotuhusu moja kwa moja: lile la pombe za mnazi za Afrika na lile la bia za jadi za Afrika. Mtafiti wa busaa au wa tembo la mnazi anayetaka jamaa wa karibu wa hamira yake kwa ajili ya kulinganisha atawapata huko kuliko kwa S288C.

Wapika bia za laga wana tatizo lao la ziada, na laga ndiyo sehemu kubwa ya bia zetu za chupa. Tusker, Safari na Kilimanjaro zote zimo. Laga hupikwa kwa hamira ya mseto, Saccharomyces pastorianus, ambayo sehemu ya jenomu yake ni ya S. cerevisiae na sehemu nyingine ni ya S. eubayanus, hamira ya mazingira ya baridi iliyotambuliwa mwaka 2011 katika misitu ya Patagonia, Argentina. Rejea ya SGD inaifunika sehemu ya kwanza tu. Anayeshughulika na laga hana budi kutumia pia jenomu za laga zenyewe, kama ile ya nasaba ya Weihenstephan 34/70 iliyochapishwa mwaka 2009.

Kuhusu uchachushaji wa bakteria sina la kusema juu ya SGD, kwa kuwa mtindi, siki na asidi za amino si eneo lake. Hata hivyo somo moja kutoka huko linafaa kutajwa. Mwaka 2002 watafiti wa kampuni ya Kijapani Kyowa Hakko walichukua bakteria wao wa kutengeneza asidi ya amino iitwayo lisini, Corynebacterium glutamicum, ambaye miaka mingi ya kuchokozwa kwa kemikali ilikuwa imemwachia mabadiliko mengi, mazuri na mabaya pamoja. Wakamlinganisha na mzazi wake mwenyewe wa asili, wakachagua mabadiliko matatu yaliyoonekana kuwa na maana, na kuyaingiza katika mzazi huyo aliye msafi. Bakteria mpya alitoa gramu 80 za lisini kwa lita ndani ya saa 27, kasi ya gramu 3 kwa lita kwa saa. Walifanikiwa kwa sababu rejea yao ilikuwa mzazi halisi. Kiwanda cha hamira kinachotaka kufanya vivyo hivyo kinapaswa kulipia kwanza usomaji wa DNA wa hamira iliyohifadhiwa kwenye friza kama mama wa zote, kisha kuitumia SGD kueleza maana ya kila tofauti inayojitokeza baadaye.

Katika mambo madogo, SGD ni ya Kiingereza pekee, haidai usajili wala malipo, na data zake zinaruhusiwa kutumika hata kibiashara mradi chanzo kitajwe. Kurasa za jeni ni nzito kwa mtandao dhaifu, hasa michoro ya mwingiliano wa protini, na kwenye simu baadhi ya majedwali hukatika. Mwenye mtandao wa mashaka afadhali apakue mafaili: jenomu nzima ya rejea kabla ya kubanwa ni takriban megabaiti 12, na kompyuta ya kawaida ya ofisini inatosha kuendeshea BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano ya DNA, dhidi yake bila intaneti. Akishalipakua faili la jenomu, apakue pia mfuatano wa STA1 kutoka hazina kuu ya mfuatano na kuuongeza mwishoni mwa faili hilo, ili uchambuzi wa kwanza kabisa wa hamira yake usiukose.